Waliokuja kwa Ajili ya Kelvin

Siwezi kukaa karibu na pasi ya moto. Majuzi nilipeleka koti la mume wangu kwa dobi wa pale Annandale, na ile harufu ya wanga na kitambaa kilichoungua kidogo iliponifikia, nilitoka nje nikaanza kuzunguka maegesho kama mtu aliyepoteza funguo. Mume wangu alikuwa ndani ya gari akiniangalia. "Ni nini sasa?" akauliza. Nikamwambia ni joto. Joto gani, na ilikuwa baridi ya kuuma masikio! Lakini ningeanzia wapi? Kwamba hiyo ni harufu ya asubuhi ambayo mama yangu alipiga pasi nguo za kanisa siku isiyo ya kanisa?

Tulikuwa tunakaa Temple Hills, huku huku Marekani, mama, mimi, na Anko Mogaka, mdogo wake mama. Baba alikuwa ameshakwenda zake kitambo na sitamzungumzia hapa. Mama alikuwa anatunza wazee majumbani mwao, kazi ya kuinua watu wazito na kurudi nyumbani akishika mgongo. Anko alikuwa anaosha magari ya kukodisha huku akingoja makaratasi yake ya ukaaji, ambayo kila mwaka tuliambiwa yako karibu kutoka. Kanisani haonekani. Jumapili akiwa na zamu anafanya kazi, akiwa hana zamu analala. Na alikuwa anakunywa, sitaficha. Lakini ndiye aliyenisuka nywele mama akiwa kazini, vibaya sana, mistari imepinda huku na huku, na ndiye aliyekuja shuleni kwangu kutazama mchezo wa kuigiza ambamo mimi nilikuwa kichaka. Nilimpenda mno.

Ninyi mliokulia kwenye makanisa ya kukodi mtanielewa. Letu lilikuwa ukumbi wa kanisa la Wamarekani, tulipewa saa za mchana wenyewe wakishamaliza. Ibada ilianza na kufungua madirisha ili manukato yao yatoke, ikaisha na sisi watoto kuokota makombo ya mandazi kwenye zulia tusije tukafukuzwa. Wengi wetu tulikuwa Wakenya wa bara, na Watanzania wachache waliotuvumilia na Kiswahili chetu.

Na tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mtu wetu akiitwa mahakamani, iwe ni kwa kukimbiza gari, iwe ni kugombea mtoto, iwe ni mambo ya makaratasi, kanisa linakwenda naye. Si kutoa ushahidi, la. Kukaa tu. Akina mama wanavaa vitenge vyao vya maana, wanaume suti na tai, wengine wanakuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku macho yakiwa mekundu, wanajaza safu nyuma ya mshtakiwa. Tulikuwa tunaita kujaza viti. Hakimu akiinua macho, aone huyu si mtu wa kuokotwa barabarani, ana watu wake. Jina lake likitajwa wanasimama wote pamoja, halafu wanakaa wote pamoja, na ule mshindo wa kukaa ulikuwa unamfanya hata askari wa mahakama ageuke.

Shule zikifungwa mama alikuwa ananipeleka, na mimi niliipenda shughuli hiyo kuliko sikukuu yoyote. Kwa hiyo mnaweza kukisia Siku ya Hukumu ilivyokuwa kichwani mwangu. Niliiona kabisa. Mungu kwenye kile kiti cha juu, bendera huku na huku, mtu anaitwa, na nyuma yake safu zimejaa vitenge. Hofu yangu ilikuwa moja tu, tusije tukachelewa kwa sababu ya kukosa maegesho.

Bi Rehema ndiye aliyeniharibia. Alikuwa mama wa Kitanzania, mpole, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Nilimuuliza, hiyo Siku ya Hukumu sisi tutakaa upande gani.

"Upande gani wa nini, mwanangu?"

"Wa viti. Wa kumjazia mtu."

Alicheka mpaka akatafuta leso. Halafu akanishika bega. "Jamani, mtoto huyu! Siku ile hakuna viti. Kila mtu atasimama peke yake. Mungu haangalii umekuja na nani wala umezaliwa na nani. Awe rais, awe mfagizi, kwake ni sawasawa. Hana upendeleo."

"Hata mama yangu hatakuja?"

"Mama yako naye atakuwa na lake siku hiyo."

Alidhani amenipa habari njema. Mimi nilienda nyumbani nikijiuliza. Peke yangu? Mbele ya yule hakimu, na nyuma yangu safu tupu? Siku hiyo ndipo nilipoanza kutikisa mguu, niwe nimekaa au nimelala, na sijaacha mpaka leo. Mume wangu anasema kulala na mimi ni kama kulala juu ya mashine ya kufulia. Usawa huo wa Mungu ulinitisha kuliko shetani. Mtu asiyependelea yeyote utamwendea vipi? Utamshika wapi?

Halafu ikaja sherehe ya Kelvin.

Kelvin alikuwa mtoto wa Mzee Ombati, na Mzee Ombati alikuwa mzee wa kanisa, mkubwa wa wazee wote, mtu ambaye ukikwama kwenye swali lolote la Biblia unapelekwa kwake na unarudi na jibu. Kelvin alikuwa amemaliza chuo. Wakachinjiwa mbuzi wawili kwa mwarabu wa Manassas, wakaalika kila mtu, na Anko akaenda kwa ajili ya hao mbuzi. Jioni Kelvin akatoka kuwarudisha marafiki zake, Anko akamfuata nyuma na gari lake bovu kwa sababu hakuijua njia ya kutokea. Polisi wakawasimamisha wote wawili, barabara moja, wakati mmoja. Wakapulizishwa kile kifaa cha kupima pombe, na wote wawili wakapatikana wamekunywa.

Kufikia Jumapili hadithi ilikuwa imeshatengenezwa. Nyumbani kwa mzee wa kanisa pombe ilifikaje? Ilibebwa na Mogaka. Nani amempotosha kijana? Si ni Mogaka! Mama alibishana nao pale kwenye meza ya chai mpaka sauti ikamkauka. "Mogaka alikwenda mikono mitupu! Mimi mwenyewe nilimgombeza, nikamwambia huna aibu, unaenda kula mbuzi za watu hata juisi hujabeba!" Wakamwambia pole, Mama Moraa, tunajua ni ndugu yako. Mama Kelvin alikuwa amesimama pale pale akimimina chai. Alimimina mpaka kikombe kikafurika.

Nyumbani nilisikia mazungumzo ambayo hayakuwa yangu. Wakili aliyepewa bure alimwambia Anko kwamba akifungwa, makaratasi yake yameharibika, na baada ya kifungo ni ndege ya kurudi. Mama akawa hali chakula. Anko akaacha kupiga mluzi, jambo ambalo hatukulijua kwake. Na mimi nikawa sikai. Natoka jikoni naenda sebuleni, natoka sebuleni naenda mlangoni, mpaka mama akanipigia kelele: "Aki Moraa, tulia! Unanizungushia kichwa!" Ningetulia vipi? Ningerudi kusukwa na nani?

Kesi zao zilipangwa asubuhi moja, mahakama moja, mbele ya hakimu mmoja. Jumapili iliyotangulia, Pasta akahubiri juu ya hukumu. Sijui kama somo alilichagua mwenyewe au alichaguliwa na mtu. Alitoa koti, akalegeza tai, jasho likamtiririka. "Siku ile," akasema, "hakuna atakayekuuliza baba yako ni nani! Hakuna kujuana! Mungu hana upendeleo!" Amina zikapaa. Mzee Ombati alisema amina kuliko wote. Kisha Pasta akaketi, na Mzee Ombati huyo huyo akasimama kutoa matangazo. Akawaomba ndugu wote, anayeweza na asiyeweza, waje Jumatano kujaza viti kwa ajili ya kijana wetu Kelvin, ambaye adui alimtega kwa kutumia mikono ya watu wasiotutakia mema.

Mama alikuwa ameshika mkono wangu. Aliubana mpaka nikavuta. Hakuna aliyetaja jina la Anko.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Mimi sikuona ubaya wowote! Nilipiga hesabu yangu nikaona mambo yamenyooka. Pasta amesema sasa hivi Mungu hana upendeleo. Hawa ni watu wa Mungu. Kesi ni siku moja, chumba kimoja. Basi kutaja mmoja ni kutaja wote wawili, kwa nini mzee ajichoshe kutaja majina? Nilitoka kanisani nikiruka. Ule woga wa Bi Rehema ulinitoka. Hata kama kule juu Anko atasimama peke yake, hapa chini Jumatano hayuko peke yake.

Nyumbani nilimkuta Anko anakaanga mayai.

"Wanakuja," nikamwambia, kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili nilikielewa chote lakini mdomo wangu ulikuwa mvivu. "Jumatano. Kanisa lote."

Akapunguza moto. "Wanakuja kwa nani?"

"Kwako na Kelvin. Pasta amesema hakuna upendeleo."

"Hata Mzee Ombati?"

"Yeye ndiye ametangaza!"

Anko akainua macho akamtazama mama, ambaye alikuwa mlangoni hajavua hata viatu. Neno moja tu lingetosha. Mama akafungua mdomo, halafu akainama akaanza kuvua viatu. Nimemsamehe kitambo. Nadhani alitaka na yeye iwe kweli, walau mpaka Jumatano.

"Haya basi," Anko akasema. "Kumbe watu wananikumbuka." Akanipa yai lake. Kesho yake alinyoa nywele, akaazima tai kwa mwenzake wa kazini, na jioni akawa anapiga mluzi tena.

Jumatano mama akatoa pasi alfajiri. Kitenge chake, gauni langu la Krismasi, shati la Anko. Tulifika mapema, tukakaa safu ya mbele upande wa kulia. Kelvin alikuwa upande wa pili na suti mpya, anakodolea macho mikono yake. Kijana mzuri, kusema ukweli, sikuwahi kumchukia.

Halafu mlango ukafunguliwa na wakaanza kuingia. Jameni! Vitenge, suti, vilemba, akina mama waliokuwa bado na viatu vyeupe vya hospitali. Pasta. Bi Rehema. Mzee Ombati mbele yao akiwaonyesha pa kukaa kama mwenye harusi. Walijaza upande wa Kelvin, viti vikaisha, wakamwagika upande wetu, nyuma yetu kabisa. Anko akageuka. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyekuta mlango wazi. Akainua mkono kidogo, kifuani tu, kuwasalimia. Wengine walimrudishia kwa kichwa. Wengine walipata ghafla kitu cha kutafuta ndani ya mikoba. Mimi nilimpiga kiwiko. "Si nilikuambia?"

Kelvin akaitwa kwanza. Wote wakasimama, wote wakakaa, mshindo ukasikika. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kwa mnyororo. Alisoma, akauliza, akasikiliza, akatoa lake: mwaka mzima wa kuwa chini ya uangalizi, masomo ya watu waliokamatwa wamelewa, kutoendesha gari kwa muda, na akirudi tena mbele yake, atalala ndani. Akina mama wakavuta pumzi. Yesu asifiwe, mmoja akanong'ona.

Kisha wakainuka. Nilidhani wanasimama kwa ajili ya Anko, nami nikasimama. Kumbe wanatoka. Safu moja baada ya nyingine, polepole, kwa adabu, wakikanyaga taratibu kama watu wanaotoka kwenye chumba cha mgonjwa. Bi Rehema alinipita bila kuniangalia, na uso wake ulikuwa umemshuka.

"Wanaenda wapi?" nikauliza, kwa sauti ya uwanjani. "Mama, hawajamaliza! Wanaenda wapi?"

Askari akaweka kidole mdomoni mwake kunionya. Anko, ambaye wakili alikuwa ameshamsogeza kwenye meza ya mbele, hakugeuka. Niliona shingo yake tu, ile shingo iliyonyolewa vizuri. Sijawahi kuona mgongo wa mtu ukielewa kitu, ila siku ile niliuona.

Nikafanya nilichoweza. Nikavua koti langu nikaliweka kwenye kiti cha kushoto. Nikachukua mkoba wa mama nikauweka kwenye kiti cha kulia. Nikahama nikaketi kiti cha tatu, nikaona pale katikati pamebaki wazi, nikarudi, nikahama tena. Kama hakimu ataangalia haraka haraka, nilijiambia, ataona watu. Mama hakunizuia. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

Hapo nikiwa katika kuhama ndipo nilipomwona Mama Kelvin. Alikuwa mwisho wa safu nyuma yetu, peke yake, mkoba juu ya mapaja, anaangalia mbele. Mlango ukafunguka kidogo na Mzee Ombati akaingiza kichwa.

"Mama Kelvin. Twende. Watu wanangoja maombi."

"Endeni."

"Imeisha bwana, twende!"

"Kwangu haijaisha," akasema, bila kugeuka. Mlango ukabaki umeshikiliwa muda, halafu ukafungwa.

Jina la Anko likaitwa, likatamkwa vibaya. Mama akasimama. Mimi nikasimama. Na nyuma yetu nikasikia kiti kikilia, Mama Kelvin naye amesimama, na tulipokaa yeye alikaa kwa nguvu zake zote, mwanamke mzito yule, mshindo ukaenda mpaka mbele. Hakimu akavaa miwani akatutazama. Alimtazama Mama Kelvin kwa muda, maana alikuwa amemwona sasa hivi akilia upande mwingine. Halafu akarudi kwenye faili lake.

Akasoma, akauliza, akasikiliza. Akatoa lake: mwaka wa uangalizi, masomo ya watu waliokamatwa wamelewa, kutoendesha gari kwa muda, na akirudi tena, atalala ndani. Neno kwa neno. Angeweza kuwa anakariri.

Sikujua nicheke au nipige mtu. Anko hafungwi! Harudishwi! Na papo hapo hasira ikanipanda mpaka masikioni, kwa sababu hata mtoto angeona kwamba hakimu hakuhesabu kiti hata kimoja. Vitenge vyote vile, ruhusa zote zile za kazini, kwake ilikuwa sawa. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka yote hii na halitulii. Kama hakimu wa kaunti anaweza kutotazama nyuma ya mtu, Mungu atashindwa? Hilo linanifariji kwa dakika kama mbili. Halafu naona ile shingo. Hakimu hakuviona viti, sawa, lakini Anko aliviona. Mama kwenye ngazi alisema lake, chini chini: "Sawa gani? Kelvin atapelekwa masomoni kwa gari la babake. Huyu wangu ni basi juu ya basi." Na hilo pia ni kweli, na sijui linaingia wapi kwenye mahubiri.

Kule chini, kwenye ukumbi wa mahakama, walikuwa bado wapo, wamemzunguka Kelvin, wameshikana mikono. Pasta alikuwa ameshafumba macho. Sisi tungepita pembeni tukatoke, mama alikuwa ameshanivuta. Lakini Mama Kelvin alimshika Anko kwenye mkono wa shati, akamkokota mpaka ndani ya duara, Anko akisema wacha, mama, wacha tu, niko sawa.

"Pasta, ngoja kwanza," Mama Kelvin akasema. "Zile bia hazikuletwa na Mogaka. Ni Kelvin alizinunua. Niliziona mchana gerejini, nikazifunika na blanketi ili wageni wasizione. Na Jumapili nikasimama kwenye chai nikamsikia huyu mama akilia kwamba ndugu yake alikuja mikono mitupu, na alikuja mikono mitupu kweli, mimi ndiye niliyemfungulia mlango."

Kelvin alikuwa amefunika uso. Bi Rehema akaachia mikono ya aliokuwa amewashika, akaja akasimama karibu na mama yangu.

Mzee Ombati alikuwa amekuwa rangi ya majivu. "Mama Kelvin," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kiu. "Mbona hukuniambia mimi?"

Mama Kelvin akamtazama. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonitisha. Alimuuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Ningekuambia, ungewaita waje kwa wote wawili?"

Tukangoja. Pasta macho wazi, kanisa zima na nguo zake nzuri, Anko na tai ya kuazima, mimi na koti mkononi. Mzee Ombati akamtazama Anko kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Watu wakapita wakituzunguka kwenda kwenye kesi zao. Alizeeka palepale kanisani miaka mingi baadaye, akijibu maswali ya kila mtu, na hilo la mkewe hakulijibu.